Matumbo joto: wiki nne za kulisha utumbo na kupima kama kichwa kinatulia

Msimu wa kura za maoni ukifika, magazeti huandika "Wagombea matumbo joto", na hakuna msomaji anayeuliza kwa nini tumbo. Aliyewahi kusubiri matokeo ya kidato cha nne huku choo kikimwita kila baada ya dakika kumi anajua hofu inakaa wapi. Lugha ililijua hilo zamani. Maabara zimeongeza jambo moja tu, kwamba habari hupita njia zote mbili: kichwa hulivuruga tumbo, na tumbo nalo hupeleka taarifa zake kichwani.

Mimi nililipia ujinga wangu. Duka lilipoyumba nikachukua mkopo wa kausha damu, na tumbo nalo likaanza vituko vyake: gesi, kiungulia usiku, choo leo maji kesho jiwe. Nikajipachika "vidonda vya tumbo", kama tufanyavyo wengi, nikanywa dawa za dukani miezi minne, zikiwemo dozi mbili za antibayotiki ambazo hakuna daktari aliyeniandikia. Nilipopimwa hatimaye, kidonda hakikuonekana. Muuguzi, mama wa makamo, akafunga faili akaniuliza: "Mwanangu, kwani unalala saa ngapi?"

Mpango huu niliuanza baada ya swali hilo. Ni wa wiki nne na mwingi wake unafanyika jikoni.

Kwanza elewa waya zilivyounganishwa

Kuta za utumbo zina seli za neva zaidi ya milioni 100. Kati ya hapo na ubongo imepita neva ndefu iitwayo vagasi, na sehemu kubwa ya nyuzi zake, kama asilimia 80, kazi yake ni kupandisha habari kutoka tumboni, si kushusha amri. Bakteria wanaoishi kwenye utumbo mpana huingia kwenye mazungumzo hayo. Wakila nyuzinyuzi ulizoshindwa kumeng'enya, hutoa asidi ndogondogo zinazolisha ukuta wa utumbo na kutuliza kinga ya mwili. Kinga inapowaka muda mrefu bila sababu, ubongo nao huonja moto huo, na baadhi ya watu wenye sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, hukutwa na dalili za mwako huo kwenye damu.

Utasikia pia kwamba asilimia 90 ya serotonini, kemikali inayohusishwa na hisia, hutengenezwa tumboni. Ni kweli. Ila serotonini ya tumboni haivuki kuingia kwenye ubongo. Iliyo tumboni kazi yake kubwa ni kuusukuma utumbo. Kwa hiyo anayekuuzia kopo kwa maneno "linaongeza serotonini ya furaha" amekata hadithi katikati.

Ushahidi wenyewe una milima na mabonde. Mwaka 2011 watafiti waliofanya kazi na maabara ya Cork, Ayalandi, waliwalisha panya bakteria wa aina moja, panya wakapungua woga. Neva ya vagasi ilipokatwa, faida ikatoweka. Watu wakashangilia. Mwaka 2017 bakteria haohao walipewa wanaume 29 wenye afya, wakawa hawana tofauti na vidonge vitupu, visivyo na dawa. Panya ni panya.

Chakula chenyewe kimefanya vizuri kuliko kidonge. Mwaka 2022, huko huko Cork, watu wazima 45 walifuatiliwa wiki nne. Kundi moja lilikula nafaka zisizokobolewa, mikunde, matunda, mboga na vyakula vilivyochachushwa. Walisema msongo umepungua, na walioshika masharti sana ndio waliopungukiwa zaidi. Kundi la kulinganisha nalo lilishuka kidogo, kwani hata kuhojiwa tu kunamfariji mtu. Ni utafiti mdogo, lakini muda wake ndio nilioazima hapa.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo lako ni la jikoni

Usianze togwa, uji wa kunywa uliochachushwa, kama una damu kwenye choo, choo cheusi kama lami, unapungua uzito bila kutaka, unatapika mara kwa mara, unameza kwa shida au homa haikatiki. Nenda ukapimwe. Vidonda halisi vipo, vingi vikisababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au dawa za maumivu zinazonywewa kama peremende, na vina matibabu yake kamili.

Upande wa akili ni vilevile. Kama umepitisha wiki mbili ukiwa na huzuni karibu kila siku, vitu ulivyovipenda havina ladha na kazi haifanyiki, hiyo ni sonona mpaka mtaalamu aseme vinginevyo, na inatibiwa hospitali ya wilaya, si hospitali kubwa za akili kama Mirembe au Mathari peke yake. Mawazo ya kutaka kufa hayasubiri wiki nne. Mwambie mtu leo, aende nawe hospitali leo.

Kama tayari unatumia dawa za sonona, usiziache kwa sababu umeanza mtindi. Ujue tu kwamba dawa hizo nazo hugusa tumbo: fluoksetini huweza kuleta kichefuchefu wiki za mwanzo, amitriptilini hukausha mdomo na kufunga choo. Wengi huziacha hapo, wakidhani zimewakataa. Rudi kwa aliyekuandikia. Mwaka 2023 huko London kulichapishwa jaribio la watu 49 waliokuwa kwenye dawa hizo bila kupona vizuri. Walioongezewa probayotiki, yaani bakteria hai wenye faida, kwa wiki nane walipata nafuu zaidi ya waliopewa vidonge vitupu. Walikunywa pamoja na dawa zao.

Wanaotibiwa saratani, walio na kinga iliyoshuka sana na watoto njiti waruke hatua ya 4 hadi ya 6 mpaka daktari akubali. Bakteria hai, hata wale wema, wakiingia kwenye damu ya mwili usio na ulinzi wanaweza kuleta maradhi.

Hatua ya 2: Wiki ya kwanza, andika tu

Nunua daftari la kawaida. Usibadilishe chakula chochote. Kila usiku andika mistari mitano: umelala kwa muda wa saa ngapi na umeamka mara ngapi, hofu yako kati ya 0 na 10, choo kilikuwaje, ulichokula na saa yake, chai, kahawa, soda na pombe. Wanawake waongeze siku za hedhi, maana utumbo nao hubadilika nazo.

Hatua hii watu huiruka, kisha wiki ya nne wanabaki kusema "naona kama nina nafuu". Andika pia mambo ya siku hiyo kwa maneno mawili matatu: msiba, mgeni, simu ya mwenye nyumba.

Hatua ya 3: Wiki ya pili, walishe waliomo

Kabla ya kuleta bakteria wapya, lisha wenyeji. Wanakula nyuzinyuzi, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Wahadzabe wa bonde la Eyasi, wanaoishi kwa mizizi, ubuyu, matunda ya porini, asali na nyama, hukadiriwa kupata gramu mia na zaidi, na utumbo wao una aina nyingi za bakteria kuliko wa watu wa mijini Marekani. Sisi wa chipsi na mkate mweupe tumekaa mbali sana nao.

Usihangaike na mizani. Badilisha sembe kwa dona. Kila siku pawepo mikunde: maharage, kunde, choroko, mbaazi, dengu. Kila siku pawepo jani: mchicha, matembele, kisamvu, mlenda. Papai au embe badala ya juisi ya boksi. Kijiko kikubwa cha unga wa ubuyu kwenye uji ni nyuzinyuzi za bei nafuu kuliko chochote kinachouzwa kwenye kopo. Halafu kuna kiporo, ambacho wengi wetu tumekionea aibu bila sababu: ugali, viazi na wali vikipoa, sehemu ya wanga hugeuka kuwa ngumu kumeng'enywa, ikafika salama kwa bakteria wa chini. Ila wali usilale mezani usiku kucha. Upoe haraka, uingie kwenye friji, maana una bakteria wake wabaya wanaopenda joto la Dar es Salaam kuliko sisi.

Ongeza polepole. Aliyekaa miaka na mkate mweupe akila bakuli mbili za maharage Jumatatu, Jumanne atalaani mwongozo huu kwa sauti. Nusu kikombe siku tatu, kisha kikombe, na maji ya kutosha.

Kama unadhani haya ni maneno ya wauza mboga, sikiliza kilichotoka Moshi. Watafiti wa hospitali ya KCMC na wenzao wa Uholanzi walichapisha mwaka 2025 jaribio la vijana wa kiume 77 wa Kilimanjaro. Wa kijijini walihamishiwa chakula cha kizungu wiki mbili. Wa mjini wakarudishwa kwenye chakula cha asili. Kundi la tatu likanywa mbege, pombe ya ndizi, wiki moja. Damu za waliohamia soseji na mkate zilionyesha kinga imeanza kuwaka. Kwa wale wengine ilitulia, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye. Walipima damu, hawakupima huzuni. Lakini kumbuka nilichosema juu ya moto unaoonjwa na ubongo.

(Wachaga walioshika glasi tayari: pombe ikizidi huharibu usingizi na kuongeza wasiwasi wa asubuhi. Jaribio lile halikuwa ruhusa ya kushinda kilabuni.)

Hatua ya 4: Chagua kilicho hai

Probayotiki, kwa tafsiri iliyokubaliwa na mashirika ya dunia ya chakula na afya, FAO na WHO, mwaka 2001, ni vijidudu hai vinavyomnufaisha mtu vikiingia kwa kiasi cha kutosha. Neno la kushika ni "hai". Jiulize swali moja kwa kila chakula kichachu: moto ulipita kabla ya kuchachuka au baada?

Uji mchachu, ule ambao unga hulowekwa siku mbili ndipo ukapikwa, moto umepita mwishoni. Ni mtamu, humeng'enyeka kirahisi, lakini bakteria wamekufa. Togwa ni kinyume chake: uji huiva kwanza, ukapoa, ndipo ukachachuka, ukanywewa bila kurudi jikoni. Huo uko hai. Mtindi wa dukani wengine huupasha moto baada ya kuganda ili ukae miezi. Kama pakiti inakaa rafuni nje ya friji, usitegemee uhai. Achari ya siki haina bakteria wa kukufaa, hata iwe kali vipi.

Kuwa hai nako hakutoshi kuitwa probayotiki kwa maana kamili, kwa sababu togwa ya nyumbani haijulikani ina aina gani kwa kiasi gani. Ndiyo maana Mwanza, tangu 2004, kina mama wakishirikiana na chuo kikuu cha Western cha Kanada walitengeneza mtindi wenye bakteria aliyechaguliwa, na Uganda nako kuna mtindi wa Yoba unaotengenezwa kwa chachu ya pakiti. Ukiupata wa namna hiyo karibu nawe, vizuri. Usipoupata, endelea na sufuria.

Hatua ya 5: Wiki ya tatu, tengeneza mwenyewe

Togwa naijua tangu Songea, kwa bibi, na kitu kinachowashinda wengi ni kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, mwaga maji, utandaze kwenye kitambaa safi chenye unyevu, uufunike. Nyunyizia maji asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili tatu vichipukizi vitatoka. Anika juani mpaka vikauke kabisa, kisha saga. Ukiona ukungu wa rangi yoyote, tupa wote. Nafaka yenyewe iwe nzuri, kwa sababu kuchachusha hakuondoi sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, kwa uhakika, na mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara.

Pika uji wa lita mbili za maji na kikombe kimoja na nusu cha unga wa mahindi, uive hasa, dakika ishirini. Epua. Sufuria ikifikia hali ya kushikika kwa mikono lakini si kwa muda mrefu, tia vijiko vinne vikubwa vya kimea, ukoroge. Hapa utaona kitu ambacho mpaka leo hunifurahisha: ndani ya dakika chache mwiko unakuwa mwepesi na uji mzito unageuka maji, bila kuongeza tone. Kimea kimekata wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo chakula cha bakteria. Subiri uji ufike joto la maji ya kumwogeshea mtoto, ndipo utie nusu kikombe cha togwa ya jana. Funika kwa kitambaa. Ukianza jioni, asubuhi una togwa tamu yenye ukali kidogo. Mara ya kwanza, usipokuwa na togwa ya jana, inaweza kuchukua hadi siku mbili. Ikae kwenye friji. Ukiiacha nje siku tatu inaelekea kuwa pombe.

Mtindi ni rahisi zaidi. Chemsha lita moja ya maziwa mpaka yapande, uyaache yachemke taratibu dakika tano. Usiruke moto hata kama maziwa yametoka kwa jirani unayemwamini, kwani ng'ombe mwenye brusela, ugonjwa unaopita kwenye maziwa mabichi, hana alama usoni. Yakipoa hadi kidole safi kikikaa ndani kwa kuhesabu kumi bila kuungua, koroga vijiko vitatu vya mtindi hai usio na sukari wala ladha. Mimina kwenye hotipoti au chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto, usiitikise kwa muda wa saa saba. Weka vijiko vitatu pembeni kwa awamu ijayo. Chachu ikishazalishwa mara nne au tano hupoa nguvu, nunua mpya. Mtindi wenye madoa ya waridi au kijani, au unaonuka uvundo badala ya ukali, hauonjwi.

Wanaovimbiwa na maziwa yasiyogandishwa mara nyingi huvumilia mtindi, maana bakteria wameshakula sehemu ya sukari ya maziwa.

Kunywa nusu glasi ya togwa au mtindi kwa siku, siku tatu za mwanzo. Gesi kidogo ni kawaida. Ukiwa sawa, panda hadi glasi moja, kisha mbili, pamoja na chakula. Usitie sukari vijiko vinne, ukageuza dawa kuwa soda.

Hatua ya 6: Vidonge, kama una hela ya kupoteza

Sinunui, ila sikukatazi. Soma kopo: liwe na jina kamili la bakteria pamoja na herufi au namba za aina yake, kwa sababu Lactobacillus rhamnosus mmoja si sawa na mwenzake, liseme idadi ya walio hai mpaka tarehe ya mwisho, si siku ya kutengenezwa, lieleze joto la kuhifadhi. Kopo lililokaa kwenye kioo cha duka jua likilipiga, bakteria wake ni marehemu wenye bei. Na lisiloeleza lolote ila "huondoa msongo, huongeza nguvu za kiume", liache hapo hapo.

Antibayotiki ni habari nyingine. Ulizoandikiwa maliza. Ambazo hukuandikiwa usinunue, maana hufyeka wabaya na wenyeji pamoja, na wenyeji huchukua wiki au miezi kurudi.

Hatua ya 7: Wiki ya nne, rudi kwenye daftari

Usiongeze kitu kipya wiki hii. Mwisho wake, jumlisha alama za hofu za wiki ya kwanza, gawanya kwa saba. Fanya hivyo kwa wiki ya nne. Linganisha usingizi na choo. Kama choo kimetulia lakini hofu iko palepale, umejifunza kitu cha maana: tumbo lilihitaji chakula, na hofu ina mzizi mwingine. Kama vyote vimeshuka, endelea, kwa gharama ya unga na ubuyu tu. Kama hakuna kilichosogea, chukua daftari uende nalo kituo cha afya, litampa mhudumu habari kuliko maneno "nasikia vibaya".

Langu nililipeleka kwa yule muuguzi. Choo kilikuwa sawa, usingizi umeongezeka kama saa moja, hofu ilishuka kutoka 7 hadi 5. Akapekua kurasa kwa kidole gumba, akarudi nyuma, akapekua tena.

"Mwanangu, Jumanne kuna nini?"

Nilikuwa sijaona. Kila Jumanne hofu ilikuwa 8 au 9, togwa iwepo isiwepo, na choo cha maji kabla ya saa nne asubuhi. Jumanne ndiyo siku ya marejesho. Akavuta kiti karibu, akaniambia nimweleze huo mkopo ni wa shilingi ngapi na umebaki wiki ngapi.